Kidole cha Kuribayashi

Barua imefika Kikombo na stempu ya korongo,
ndege, si lile korongo la mchanga
tunakochimba maji kiangazi.
Juu wameandika jina langu na neno "Reli". Basi.
Ndani, bintiye anasema baba amefariki.
Nehemia mjukuu wangu amenisomea mara mbili,
Kiingereza kikimpiga chenga.

Mwaka wa sabini na tano treni ya wageni ilikwama hapa,
mvua imekula tuta kule Gulwe.
Wakubwa walibaki ndani, wakijipepea na magazeti.
Yeye akashuka, mfupi, viatu vina tope la vijiji vitatu,
akaja kibandani kwangu kama mtu anayeingia zamu.

"Huyu," mkalimani akasema, "ni mwenyekiti
wa chama cha wajamaa kwao, mbunge wa vipindi vitano."
Mgeni akamkatiza kwa neno moja.
Mkalimani akasita.
"Anasema yeye ni mshika ishara."

Saa nne tulikaa. Karanga, chai isiyo na sukari.
Alianza reli na miaka kumi na minne;
maungio ya mabehewa yakamla kidole cha shahada
hadi fundo la kwanza.
Akagoma na wenzake, akalala rumande majira mawili ya theluji,
akatoka, akapigiwa kura na wafagia mabehewa.
Hayo aliyapita upesi.
Alichotaka ni kunifundisha kazi:
kwao huangalii ishara kimya kimya,
unainyooshea kidole, unaitaja kwa sauti,
jicho, mkono na mdomo vishuhudiane.

"Nyekundu!" nikapaza.
"Nyekundu!" naye, kwa Kiswahili, kwa kile kigutu.
Tukacheka.

Kisha akanyoosha ng'ambo ya reli,
kwenye tembe lililoezuliwa, nguzo nyeusi kwa moto.
Akanitazama, akangoja nitaje.
Lilikuwa la mama mkwe wangu, Mama Mbeleje,
aliyepakiwa kwenye lori na kinu chake
kupelekwa kijiji kipya.
Mkalimani alikuwa anafunga kamba ya kiatu
ambayo haikufunguka.
Nikasema, "Nyumba."
"Nyumba," akarudia taratibu,
wala hakushusha mkono.

Aliniandikia mara tatu katika miaka ishirini.
Barua ya mwisho ilikuja chama chake
kilipoingia serikalini na wale wale
waliowahi kuwatia virungu.
Alikubali, akapewa gari jeusi na kiti cha uwaziri.
"Chidawali," aliandika, "niliiona nyekundu.
Nilinyoosha kidole. Mdomo ukasema kijani."
Uchaguzi uliofuata wafagia mabehewa hawakumpigia.
Chama kikabadili jina; yeye akarudi kulima vitunguu.

Sikumjibu. Ningemwambia nini,
mimi niliyeona tembe zima
nikataja nusu yake?

Sasa treni ya umeme inapita upande ule, haina moshi,
hainihitaji. Waya wa ishara yangu waliukata zamani,
umefungia zizi la mbuzi.

Nehemia, chukua kalamu.
Andika kwa bintiye: pole.
Andika kwamba zile nguzo zilikuwa saba.
Andika: Mama Mbeleje, mwezi wa nane,
uwele wake ulikuwa ghalani,
na waliowasha moto niliwajua kwa majina.
Ngoja, usiandike bado.
Nisogezee kiti hadi mlangoni
nipaone mahali penyewe.