Daftari la Fundi Nzilani

Kamati imeketi mara ya tatu, kwa mjomba Kiilu, Buruburu.
Soda zina moto, mahudhurio ni haba,
na mweka hazina anasoma bei za kampuni moja ya Westlands
kwa sauti ya mtu anayesoma wosia:
mahema, viti vyenye tai, ukuta wa maua ya plastiki,
gauni la kukodi, lirudi Jumatatu, bila doa.
Mjomba anaikunja karatasi, anajipepea shingo.
"Harusi ni siku moja," anasema. "Deni halina talaka."

Nikatoka. Mvua ya vuli ilikuwa imepumua kidogo.
Mijakaranda imemwaga zambarau yake njiani,
mfagiaji anafagia, inamwagika tena,
na kumbikumbi wa jana wameacha mbawa mlangoni
kama wageni waliovua viatu wakasahau kurudi.

Kariokor, ukiwapita wasusi wa vyondo,
ukiipita harufu ya gundi ya washona viatu,
kuna mlango wa bati usio na jina.
Fundi Nzilani hakuinua kichwa.
"Kama ni ya kabla ya Krismasi, nimejaa."
Na kweli alikuwa amejaa: vigauni vimening'inia hadi darini,
vyekundu, vya riboni, vya mikono ya puto,
kila kimoja na karatasi yake kwa pini:
Mutheu, bado mia. Atieno, amemaliza.
Pacha wa Mama Soila, hamsini hamsini.
"Hawa waliweka nafasi tangu Agosti.
Bibi harusi hampiti mtoto kwenye foleni."

Nikamtajia jina langu.
Nikamtajia la mama.

Cherehani ikanyamaza.

Alipanda juu ya kigoda, akashusha mkebe wa biskuti,
ndani mna madaftari yaliyotafunwa na mende.
Akalamba kidole, akafunua, akafunua,
akanipita mimi wa darasa la saba
(sketi ya bluu, kiuno ishirini na mbili,
acha pindo, huyu anarefuka),
akarudi nyuma, nyuma tena, hadi Novemba ya tisini na moja,
na hapo, kwa penseli:
Mbithe. Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na saba.
Satini. Mikono mirefu, ana baridi.
Amelipa mia sita. Baki mia mbili.

Mstari haukukatwa.

"Kila Januari akija na sare zako alizitoa hizo mia mbili,
nami nilizikataa. Nilimwambia, Mbithe, ziache.
Deni dogo humrudisha mtu."
Akaupima mgongo wangu kimya, pini kwenye midomo.
"Mwaka ule hakuja, nikajua."

Sikulia. Nililia baadaye, kwenye ngazi za City Market,
mbele ya Muriithi anayeniuzia waridi za shina fupi,
zile ambazo ndege za Ulaya zimezikataa.
Akadhani ni bei, akanipunguzia.

Keki ataoka Nafula wa Umoja, katika tanuri ya makaa
aliyochongewa na shemeji yake; itainama upande mmoja,
amenionya mapema, na Okumu amesema hata yeye ameinama.
Tarehe ni Jumamosi ya pili ya Desemba,
kabla mabasi hayajajaa, kabla watu hawajaenda makwao
na jiji kubaki na walinzi na paka.
Gauni litashonwa usiku, vigauni vikishalala.

Nilihesabu noti juu ya meza ya fundi,
nikazirudisha mbili mkobani.
Alizitazama. Akanitazama.
Akaichonga penseli kwa wembe, taratibu,
akaandika jina langu, kifua, kiuno,
nusu inchi tu kuliko mama,
akaandika: baki mia mbili.
Halafu, bila kuniuliza:
mikono mirefu, ana baridi.