Ukurasa Mmoja

Meneja mpya ameniita ofisini,
kijana mpole, viatu vyake havijaonja maji ya chini ya mashine.
"Mama Aikande, kampuni inatimiza miaka sabini.
Tuandikie historia. Ukurasa mmoja tu, wa kutundika mapokezi."

Ukurasa mmoja!
Mimi niliyehesabu kurasa miaka thelathini na mmoja,
tano tano, nikizikunjua kama upepeo;
mia tano zikitimia nagonga meza, bunda linafungwa.
Dole gumba langu halina alama tena.
Siku ya kuandikishwa kitambulisho
mashine ililikataa mara nne.

Haya.

Bibi alikuja kwa reli kutoka Tanga,
vipande kumi na saba ndani ya mabehewa,
mkongwe tayari, ameshatumika kwa watu wengine ng'ambo.
Jivanlal alimnunua kwa bei ya chuma chakavu,
akamfunga kando ya Rau,
akamlisha makapi ya miwa kutoka Arusha Chini
mpaka akatema karatasi ya kwanza: ya kahawia, nene,
nyuzi zake unazihesabu.
Wauza sukari wa Moshi wakauliza, hii karatasi au mkeka?
Wakainunua.

Karatasi kabla haijawa karatasi tuliiita uji.
Mkorogaji alikuwa Eliamani Kiwelu. Alichovya vidole viwili,
akasema "Bado," au akasema "Imekubali,"
na hakuna kipimo kilichowahi kumbishia.

King'ora cha saa kumi na mbili
ndicho kilichobandika chai Pasua nzima.
Tukitia rangi ya majalada, Rau unashuka buluu;
Alhamisi, waridi.
Wanawake wa kufulia mtoni waliijua ratiba yetu
kuliko karani wa mishahara,
na walitutukana kwa haki.

Ikaja serikali. Jivanlal aliacha funguo mezani
na chai nusu kikombe.
Tukawa Shirika. Ubao ulipakwa upya juu ya ule wa zamani;
mvua ikinyesha, herufi za chini zinachungulia.
Hiyo ndiyo miaka yetu:
daftari za shule, jedwali la kuzidisha mgongoni.
Nilifungua la mwanangu nikakuta kona iliyokunjika
ninayoijua. Nililihesabu mwenyewe.
Karatasi za mitihani zilitoka na askari getini,
nasi tukapekuliwa,
ingawa zilikuwa bado tupu.

Halafu vipuri vikaadimika. Blanketi la Bibi likatoboka,
tukalitia viraka vya magunia.
Makapi yakaacha kuja; wenye miwa walijifunza kuyachoma wenyewe.
Bibi akalala njaa.
Mwaka ule, siutaji, waliokuwepo wanaujua,
amri ilishuka: karatasi yoyote kuukuu, leteni.
Stoo ikafunguliwa.
Vitabu vya mishahara vya tangu mwanzo,
barua za Jivanlal kwa Kigujarati,
orodha ya waliomfunga Bibi, kila jina na dole gumba lake,
Nakaniwa Mmbaga na mkono uliobaki kwenye rola,
fidia shilingi mia mbili,
vyote tulivitupa mle kwa koleo.
Eliamani akachovya vidole.
Hakusema bado. Hakusema imekubali.
Akavifuta kwenye aproni, akaenda kukaa nje.

Ikatoka ya kijivu, na buluu kwa mbali,
buluu ya wino.

Kwa hiyo, kijana, historia unayoniomba
tuliisaga.
Ilikwenda soko la Mbuyuni imefunga vipande vya sabuni,
ikaloa, ikachanika.
Nilibakisha karatasi moja ndani ya Biblia.
Nikiishika dirishani naona nyuzi,
na nukta nukta zisizo na neno.

Sasa Bibi anatoa trei za mayai na karatasi za chooni.
Mwenye hisa simjui, nasikia yuko mbali.
King'ora kimekufa, watu wanaamshwa na simu zao.
Lakini anazunguka. Jana nilipita ukutani nikamsikia,
bado anachechemea pale pale, rola ya tatu.

Ukurasa ulionipa huu hapa, nakurudishia.
Nimeupitisha kidole: mweupe mno, laini mno,
umetoka ng'ambo.
Niletee wetu,
hata kama ni trei.