Kabichi Karaini

Nyama ilikataa kuiva.
Mkaa ulikuwa umenyeshewa juzi hapo Lang'ata,
ukawa unatoa moshi kama mtu anayetoa udhuru,
na watu thelathini na mmoja walikwisha kuulizana
habari za kazi, za masomo, na "wewe utaoa lini,"
wakabaki na simu zao na kimya.

Basi nikainuka. Nikachukua kabichi
iliyokuwa ikisubiri kisu,
nikachukua karai la kufulia soksi za shule,
nikamvua Baba tai yake ya kanisani
kabla hajauliza kwa nini.

"Mchezo," nikatangaza.
"Unaitwaje?"
Sikuwa nimefika huko.

Unafungwa macho, kabichi kwapani.
Unazungushwa mara tatu, mara tano ukiwa mkwe,
kisha unalitafuta karai nyasini uitue humo.
Kusema ni marufuku. Ukoo ndio utakaokuongoza:
wakilia ng'ombe, nenda kushoto;
wakilia mbuzi, nenda kulia;
wakiwika, simama hapo hapo,
mbele yako kuna miiba ya bogonvilia.

Shangazi Syombua akainua mkono:
"Kulia kupi? Kwa mkono au kwa machozi?"
Nikamwambia mchezo utaamua.

Wa kwanza Mutheu, wakili, mtu wa vifungu.
Alipinga kila "mee" aliyopewa,
akanyooka hadi kwenye kamba ya nguo
akatokea upande wa pili amevaa shuka.
Wa pili Musembi, anayechungulia chini ya tai
kama anavyochungulia bili hotelini.
Tulimwona. Tulinyamaza.
Soda zote alikuwa amenunua yeye.

Lakini Baba Mdogo Kisilu hakunyamaza.
Kisilu haoni tangu darasa la sita.
Nilimfanya refa kwa adabu tu,
nikidhani nimempa kiti.
"Huyo anaona," akasema, akitafuna njugu.
"Asiyeona hainui mguu namna hiyo.
Hukanyaga kwanza, halafu ndiyo aamini.
Musembi, rudi mwanzo. Na uache kujikohoza."

Ikafika zamu ya Mghoi, mke wa Ndinda,
Krismasi yake ya kwanza kwetu,
aliyekaa tangu asubuhi
kama kikombe cha wageni kabatini.
Tukamzungusha tano. Mtu akaongeza ya sita.
Tukalia ng'ombe: kushoto, kushoto, mama!
Ndipo mbuzi wa jirani, mbuzi wa kweli,
anayengojea mahafali ya Jumamosi,
akatoa "mee" moja nyuma ya ukuta,
"mee" ya mwenye uzoefu.

Mghoi akakata kulia. Nani angemlaumu?
Tukalia ng'ombe hadi kwarara wakaruka kwenye ua,
hadi mlinzi wa geti akaja na rungu,
na yeye anakanyaga dania ya Mama, anapita,
anajikwaa kwenye mpira wa maji,
anakaa kitako matopeni na gauni lake jipya,
halafu anacheka,
kicheko kinene, cha mtu wa kwao,
ambacho hata Ndinda, kwa uso wake, hakuwa amekisikia.
Akairusha kabichi nyuma ya bega.
Ngwaa!

Ilikuwa imetua jikoni, juu ya mbavu.

"Si karai hilo!" akapaza Mutheu, kifungu cha ngapi sijui.
Kisilu akatema ganda la njugu.
"Nimesikia chuma. Chuma ni chuma. Imeingia."
Na sura yake, naapa, ilijua kila kitu.

Tulikula saa kumi, mbavu na kabichi ya kuungua,
majani ya nje meusi, ya ndani matamu ajabu.
Watoto walikwisha kubadilisha kanuni,
sasa wanatumia chura na ndege ya jeshi.

Kisilu akaomba zamu.
"Na tai nifungwe. Wote mmefungwa, mimi nina nini?"
Nikamfunga, vidole vinatetemeka kidogo,
fundo moja, fundo la pili.
Akageuza kichwa huku na huku kama anayekagua nyumba ya kupanga.
"Ehe," akasema. "Sasa ndiyo sioni kabisa."

Shangazi Syombua akaanza kulia,
kule kwa machozi,
akishika mbavu zake kwa mikono miwili.