Kikohozi cha Baflo

Kisanduku alikileta Twite kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa,
kizito kama tofali, kimeviringishwa ndani ya fulana.
Humu, akasema, mna ampli mia mbili na kumi.
Nikakitikisa. Hakikulia.

Ampli za miji nisiyoikanyaga:
moja ya lampu za kioo zinazopata joto polepole,
moja inayokwaruza kama gunia la makaa likiburutwa sakafuni,
moja safi, maji ya mtungi.
Nikazungusha kitufe: London.
Nikazungusha: Chikago.
Nikazungusha hadi kikarudi kilipoanzia.
Kamalondo haimo.

Spika zilikuwa mbili chumbani.

Ya Twite mpya, nyeusi, haina lake.
Unachoipa ndicho inachokurudishia,
kama karani wa benki nyuma ya kioo: noti zako hizi, hesabu.
Nilipiga kosa, nikapewa kosa langu lote,
limenyooshwa, limepigwa pasi.

Na baflo la baba,
mbao za kreti ya vipuri vya mgodini,
spika ya inchi kumi na mbili aliyoinunua mwaka ule
walipogawiwa bahasha na kuambiwa asanteni, nendeni.
Wenzake walinunua baiskeli, mashine za kusaga.
Yeye alinunua sauti.
Mama hakusema naye mpaka mvua zikaisha.

Karatasi yake ilipasuka kwenye harusi ya Kyungu;
nikaiziba kwa gundi na ukurasa wa daftari la hesabu,
jedwali la saba, bado linasomeka.
Tangu siku hiyo ukigusa uzi wa nne
linasafisha koo kwanza, khe, khe,
ndipo linaimba.

Tukachomeka kisanduku kwenye baflo.
London akaingia, Chikago akaingia,
wote wakatoka na lafudhi moja,
ya mtu aliyekulia kando ya bomba la moshi
na asiyekumbuka hewa nyingine.
Twite akacheka. Hili baflo, mjomba, halisikilizi mtu.

Kisha akaweka maiki mbele ya karatasi, vidole viwili,
akatuma mlio mmoja uliopanda
kutoka ngurumo ya treni ya shaba hadi mbu wa sikioni.
Sekunde kumi.
Basi, akasema. Limo ndani.
Miaka ishirini ya baflo, sekunde kumi,
na kile kisanduku hakikuongezeka uzito.

Lakini kikohozi hakikuingia.
Mashine, Twite akaeleza, inachukua umbo la sauti,
haichukui kinachotikisika.
Akasema kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya jamaa yake.

Baba alikuwa nyuma ya pazia, amejilaza.
Sikumwambia kitu. Nikapiga wimbo uleule mara mbili,
kwanza kwenye mbao zake,
halafu kwenye spika ya karani, ndani yake ule mzuka wa sekunde kumi.
Nikauliza: Baba, lako ni lipi?

Alikaa kimya muda ambao bukari inapoa.

Hilo la kwanza linaumwa, akasema. Lirudishieni mwenyewe.
Hili la pili ndilo langu.
Hivi ndivyo lilivyolia dukani
nilipotoa bahasha mfukoni.

Twite akanitazama. Mimi nikatazama nyuzi.
Ningesema nini? Kwamba ameikana mbao aliyoigongomea misumari,
akamtambua mgeni kwa sababu mgeni hakuzeeka?
Nikasema, Ndiyo, baba.

Akakohoa, vile anavyokohoa tangu mgodini,
na kwenye kona, bila waya, bila umeme,
jedwali la saba likatetemeka kidogo.

Gundi mpya nimeinunua juzi sokoni.
Iko kwenye droo.
Bado sijaifungua.