Kitufe cha Futa

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi,
imekaa juu ya bati tangu Jumatatu.
Kituo cha maziwa, nyuma ya madumu,
nina kompyuta moja ya mtumba
isiyojua mtandao ni nini,
na daftari la Tusekile linalonuka mtindi.

Kiunzi nimeazima. Sikukata mianzi mwenyewe:
wengine waliikata, wakaifunga, wakaiacha wazi
kwa yeyote mwenye udongo.
Mimi nakandika tu. Mstari, nafasi nne, mstari;
nikikosea nafasi moja ukuta wote unagoma,
unanisuta kwa maandishi mekundu.

Saa tano usiku likafunguka
dirisha tupu, la kijivu, halina hata jina.
Nikalikodolea macho kama mtu anayetazama nje.
Nje kwenyewe kulikuwa ukungu.

Asubuhi Tusekile akajifuta vidole kwenye kitenge,
akabonyeza Pokea: lita sita, Ambwene wa Kyimo.
Akacheka.
Kisha akaona Futa, akaacha kucheka.

"Hiki king'oe."
"Na ukikosea?"

Akafunua daftari: kosa la mwaka juzi,
limepigwa mstari mmoja, linasomeka bado,
saini yake pembeni.
"Mtu akija kuuliza, nimwoneshe nini? Weupe?"

Basi nimerudi kwenye mianzi.
Kumbe kuipitishia namba mstari
ni kazi kubwa kuliko kuifuta.
Alfajiri, bati bado linanguruma,
sita ya Ambwene ikalala chini ya mstari,
tano ikakaa kando yake,
na herufi T.