Mtu wa Mwenzio

Jikoni kwa Thora Lindquist, Duluth, theluji magotini,
tulichora mji juu ya karatasi ya kufungia nyama:
mto, gereza, daraja la chumvi.
Doa la kahawa tukaliita ziwa.

Sheria moja tu:
mtu wa mwenzio usimuue.
Muazime, mlevye, mnyang'anye kofia,
ila mrudishe na pumzi yake.

Orrin alituletea Besk, fundi kufuli,
jicho moja, mdomo mchafu, deni kila kilabu.
Mimi nilimwibia mara mbili.
Delphine akamwoza mjane mwenye mbuzi, bila kuuliza;
Orrin akanuna wiki nzima,
kisha akampa yule mjane jina la mama yake.

Machi, Orrin akafa.
Moyo. Mbele ya gereji, koleo mkononi.

Kitabu cha nne tulikiandika bila kusemezana.
Miswada ilipofika kwa posta nilikesha nayo:
kwangu, Besk anapita tu, anakohoa.
Kwa Delphine, anadaiwa bia.
Kwa Thora, asiyevumilia matusi,
anatukana ukurasa mzima.

Hadithi kumi na moja,
na katika kila moja mlango umekwama,
naye amepiga goti, anachokonoa kufuli,
anasema: subirini, bado kidogo.