Barafu ya Mbuta

Barafu ninayoijua mimi ni ya kuponda.
Inatoka kiwandani kwa mabonge kama mawe ya msingi,
naipiga nyundo, naimwaga juu ya mbuta
kabla macho yao hayajageuka maziwa.
Kwa hiyo Lencer aliponiita, "Mama, njoo uone,"
nikamkuta msichana kwenye runinga akizunguka juu ya barafu
kama pia iliyovutwa uzi na mtoto mwenye hasira,
nikauliza tu: hiyo yote, nani ataiponda?

Akacheka. Kisha akaniambia, yule hana bendera.
Nchi yake imegombana na nyingine,
basi anateleza kwa jina lake tupu,
na akishinda hapigiwi wimbo wa taifa.
Nikasema maskini,
nikarudi jikoni kuonja chumvi.
Mambo ya mbali.

Kwetu hakuna barafu ya kutelezea. Kuna magurudumu,
manane kwa mtu mmoja, viatu vya mitumba kutoka Kibuye,
na sakafu ya ukumbi wa kanisa, Nyalenda,
Jumapili ibada ikiisha.
Mwenzi wake alimpata Jinja. Tenywa,
kijana mrefu, mikono kama makasia.
Walikutana Busia kila Jumamosi ya pili,
katika uwanja wa malori, kati ya foleni na foleni.
Alipomrusha hewani na kumdaka, madereva walipiga honi.
Miaka miwili. Nauli niliilipa kwa nyundo.

Kisha mwezi wa Machi wakakamata boti.
Za kwetu tatu, za kwao nne, sikumbuki nani alianza,
kwa ajili ya kisiwa ambacho ukitandika mikeka
kitakwisha kabla chama chetu cha akina mama hakijakaa.
Waziri wetu akasema redioni. Waziri wao akajibu.
Ile methali ya fahali na nyasi mnaijua, sitairudia.
Nasema tu kwamba nyasi zilikuwa na namba mgongoni:
kumi na saba.

Barua ilimfikia Tenywa siku tisa kabla ya mashindano.
Mihuri miwili, sentensi moja:
wachezaji wetu hawatavuka.

Siku yenyewe Kisumu ilikuwa kikaango.
Bendera tano ukutani, msumari wa sita mtupu.
Mtangazaji akaita majina mawili.
Likaingia moja.

Lencer hakubadilisha hata hatua.
Penye kushikwa, aliegemea hewa.
Penye kurushwa, aliruka kwa nguvu zake, chini kidogo,
akatua, gurudumu likalia kama panya.
Mkono wa kushoto aliuacha nje mwanzo hadi mwisho,
vidole vimekunjwa, kama vimeshika kitu.

Mimi nilikuwa nimeinua simu.
Upande wa pili Tenywa alihesabu kwa sauti ya chini,
moja, mbili, tatu, inua,
moja, mbili, tatu, shusha,
na mtandao ule, mnaujua, ukamchelewesha,
hata akawa anamshusha
mtu ambaye ameshatua.

Kanuni inataka wawili. Majaji wakanong'onezana.
Yule wa kutoka Mwanza aliandika sufuri,
akavua miwani, akaifuta
muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.
Jaji wetu akampa alama zote,
na hilo ndilo lililoniuma:
hazikuwa za hatua zake. Zilikuwa za kisiwa.

"Amesikia nilivyotua ile ya mwisho?"
Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kidevu.
Nikatazama simu. Salio lilikuwa limekwisha,
sijui wapi, penye inua au penye shusha.
Nikamwambia, amesikia.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kiwandani.
Wakashusha mbuta, wengine wa maji yetu,
wengine sikuuliza.
Bonge la kwanza lilikuwa safi, halina hata ufa,
nikaliangalia kidogo,
upana wake, mtu angeweza kuweka mguu mmoja.
Msimamizi akapiga kelele.
Nikainua nyundo.